Zana ya Saba ya Maman Lydie

Kule Kasha, upande wa Bagira, mtu akitaka kujua uzito wako haulizi una shahada gani wala nyumba yako ina madirisha mangapi. Anauliza una zana ngapi. Ukimjibu kwamba umenunua kumi sokoni, atacheka mpaka ashike mbavu, kwa sababu za sokoni hazihesabiwi. Bukavu ninayoisimulia ni hii hii mnayoijua, na matope yake, na vilima vyake vya kukata pumzi, na mvua yake isiyopiga hodi. Ila ina jambo moja ambalo ile yenu haina. Huku, chombo kikitengenezwa na mkono wa mtu mmoja tangu msumari wa kwanza hadi wa mwisho, kisha mtu huyo akakaa nacho na kukifundisha kazi, chombo huamka. Kinafanya kazi chenyewe, bila mafuta na bila umeme, na wakazi wa Bukavu hawahitaji kuelezwa raha ya kitu kisichongoja umeme. Na kila kinachoamka humwongezea mwenyewe nguvu mwilini.

Lakini kukifundisha si kukiambia. Chombo hakisikii maneno. Unafanya kazi mbele yake kwa mwili wako, leo na kesho na keshokutwa, nacho kinakutazama bila macho, mpaka siku moja kinafanya kama wewe. Nasema kama wewe hasa, na hapo ndipo wengi wamevuna aibu. Kuna bwana mmoja kule chini alifundisha ufagio wake akiwa ametoka kunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Hadi leo ufagio ule unayumba, na takataka unazirudisha ndani ya nyumba.

Maman Lydie hakuwa mtu wa kupatwa na mambo kama hayo. Alikuwa mwalimu wa fizikia, mrefu, mwenye sauti ya kufika dawati la nyuma bila kupandishwa. Ufundi aliuanza akiwa mtu mzima, baada ya kifo cha mume wake, Modeste, aliyekuwa dereva wa lori kwenye njia ya Kamanyola. Lori lilianguka kwenye mteremko wa Ngomo. Walioleta habari walimkuta Lydie kinuni, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Walisimama wakingoja auangushe mchi. Hakuuangusha. Aliendelea kutwanga majani yale mpaka yakalainika, akayapika, akawapakulia watu waliokuja kulia. Katika kilio chote hakuna aliyeona chozi lake. Wengine walisema ni mwanamke wa chuma, na walimaanisha sifa. Wengine walisema maneno hayo hayo na hawakumaanisha sifa.

Wiki zilizofuata alijifungia kwenye kibanda nyuma ya nyumba akatengeneza mivukuto ya kufulia chuma. Ilipoamka na kuanza kupuliza yenyewe, Lydie aligundua kwamba anaweza kuepua chungu cha maharage bila kitambaa na moto usimfanye kitu. Hapo akanogewa. Zana ya tatu ilipoamka, alikuwa anabeba mabati peke yake kupanda kilima huku akisalimiana na watu njiani. Ya tano ilimpa jambo ambalo walimu wenzake walimwonea wivu kuliko yote: akiinua macho tu, darasa zima linatulia. Alipofikisha sita, hata wazee walianza kumtangulia kwa salamu. Alilipenda jambo hilo, na sioni kwa nini asilipende, maana alilitolea jasho.

Sasa, zana saba ni mlango mwingine kabisa. Mwenye zana saba husikilizwa na maji. Kijito kinachoshuka katikati ya avenyu, yaani mtaa, humwendea anapokiita, kama mbuzi anavyomwendea mwenye chumvi. Na aliyekuwa na saba katika avenyu ile alikuwa mtu mmoja tu, Papa Firmin, mkamuaji wa ndizi. Firmin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye maji. Asubuhi alikiita kijito kwenye mitambo yake ya kukamulia, nacho kinakaa huko mpaka jioni, na wanawake wa avenyu ya chini wanashika njia ya bonde na mabido ya kuchotea maji kichwani.

Siku moja, kwenye mkutano wa avenyu, Lydie alisimama akamwambia mbele ya watu kwamba maji ni ya wote. Firmin alitabasamu bila kuinuka.

"Maman Lydie," akasema, "maji iko na masikio. Uiite, tuone kama itakuja."

Watu walicheka. Hata waliokuwa na kiu walicheka. Lydie naye alitabasamu, akakaa, na kabla mkutano haujafungwa alikuwa amekwisha kuchora zana ya saba kichwani mwake.

Ilikuwa ni vinu vitano vilivyopangwa mstari, na juu yake michi mitano iliyoning'inia kwenye mhimili mmoja wa chuma. Chuma chenyewe alikitoa kwenye lori la Modeste, lililokuwa bado limelala kule Ngomo likiota kutu. Alikipasha moto, akakinyoosha, akakichonga meno. Kwa nini vinu? Kwa sababu, kama alivyomweleza jirani yake Fabiola, mshonaji wa avenyu ya chini, hakuna nyumba Kasha isiyokula sombe, na hakuna mkono wa mwanamke usiouma kwa ajili yake.

"Ukifanya hii," Fabiola akamwambia, "hata Papa Firmin atakula mu mikono yako."

"Sitaki akule," Lydie akajibu. "Nataka aachilie maji."

Kila alasiri akitoka shuleni alisimama mbele ya vile vinu na kinu chake cha mkono, akatwanga. Alitwanga majani machanga na majani magumu. Alionyesha namna ya kutoa vijiti, namna ya kupunguza nguvu mchi unapokaribia chini. Jua likitua aliweka mchi pembeni na kujifuta jasho, ili vinu navyo vijue kupumzika. Kengele ya misa ikilia aliacha kazi akaenda kanisani, ili vijue Jumapili. Kazi ya mwalimu ni kurudia, naye alirudia mpaka majirani wakachoka kwa niaba yake. Kisha siku moja, akiwa bado anafunga kilemba, michi mitano ikainuka pamoja, ikashuka pamoja, na harufu ya sombe mbichi ikajaa ua.

Kuamka peke yake hakutoshi kwa zana ya saba. Sheria ya mafundi inataka chombo kifanye kazi juma zima, kutoka misa hadi misa, kianze chenyewe na kisimame chenyewe, kila wakati kama mwenyewe angefanya, bila yeye kukigusa. Akikigusa, hata kwa kidole, analazimika kukivunjavunja na kungoja mwaka mwingine. Na shahidi wa jambo hilo ni yule mwenye saba aliyemtangulia. Sheria hiyo ni ya mababu, haikutungwa kwa ajili ya Firmin, ingawa ilimkaa vizuri kama suti ya harusi.

Firmin alikuja Jumapili baada ya misa, akavizunguka vinu, akapiga mhimili kwa kidole akisikiliza.

"Iko muzuri," akasema, na alimaanisha, maana fundi hawezi kuudanganya mkono wake. "Nitasikia kutoka kwangu. Nyumba iko karibu."

Kwa siku za mwanzo mambo yalikwenda kama Lydie alivyopanga. Wanawake walileta majani kwa mabeseni, wakaondoka na sombe laini, wakabaki na muda wa kusengenya. Lydie alikuwa anatembea mabega juu. Shuleni alifundisha sheria za mwendo huku akisikia kwa mbali pigo la michi yake kutoka kilimani, na alikuwa na hakika ya Jumapili ijayo kama alivyokuwa na hakika kwamba jiwe likiachwa litaanguka.

Alhamisi asubuhi alifariki Muzee Zagabe, baba yake Firmin.

Alikuwa ameugua kwa muda mrefu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Mke wake, Maman Adèle, alitoka uani akatoa ile sauti ambayo avenyu nzima inaielewa bila maneno, na kila mtu akajua la kufanya. Kule mtu akifa, vinu vyote vya avenyu hunyamaza mpaka azikwe. Hakuna anayetangaza. Kwanza kinu cha jirani kinakoma, kisha cha mwenzake, hadi unyamavu unafika mtoni. Watu hula vya kuchemsha, viazi na ndizi, na hawalalamiki. Kumtwangia mtu kwenye kilio chake ni kumwambia kwamba maiti wake ni jambo dogo.

Basi asubuhi ile vinu vya Kasha vilinyamaza kimoja kimoja, na vikabaki vitano.

Lydie alikuwa njiani kwenda shuleni alipogundua. Alisikia kilio cha Maman Adèle, na chini yake, bila huruma, pigo la michi. Aligeuka akapanda kilima mbio. Alifika uani akasimama mbele ya zana yake. Majani yalikuwa yamejaa tangu alfajiri, na michi ilipanda na kushuka bila kusita, ileile aliyokuwa akijivunia jana. Ua wa Firmin ulikuwa upande wa pili wa ukuta wa miyenzi, vichaka vya kuzungushia ua, na ukuta wa miyenzi hauzuii kitu. Kinamama waliokuwa wakiimba nyimbo za kilio walikuwa wanapotezwa na lile pigo. Wakianza wimbo, michi inawachukua mwendo, na wimbo unakufa.

Firmin alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwake. Alimtazama Lydie kupitia kwenye matawi.

Fabiola alifika akihema, kitambaa cha kilio tayari kiunoni. Alimvuta Lydie pembeni.

"Usiiguse," akamnong'oneza. "Kama unaigusa, sisi ba chini tutabeba mabido mpaka mwaka ingine. Kilio itapita. Maji itabakia."

"Na Maman Adèle?"

"Atalia, kisha atanyamaza. Sisi bote tunaliaka, tunanyamazaka."

Lydie alivigeukia vinu. Alikuwa akijiuliza alikosea wapi. Alivifundisha vinu jua na kengele, majani na vijiti, lakini kilio hakuvifundisha. Katika miezi yote ile hakuna aliyekufa kwenye avenyu. Basi, akajiambia, kama ni somo lililosahaulika, somo linaweza kufundishwa sasa. Yeye ni mwalimu. Alivua viatu, akajifunga kitenge kiunoni, akakaa chini mbele ya vinu, akaweka mikono kichwani kama wanavyoweka watu wenye msiba, akaanza kulia kwa sauti kubwa.

Ilikuwa sauti nzuri. Fabiola mwenyewe alidanganyika kidogo. Vinu havikudanganyika. Michi ilipanda ikashuka, ikapanda ikashuka, na Lydie alipofungua jicho moja kuangalia kama imepungua kasi, aliona haya ambayo hakuwahi kuyaona tangu akiwa msichana.

Alisimama. Alijua sasa limebaki jambo moja tu. Juma lake, saba yake, maji ya watu wa chini, vyote vilikuwa kwenye urefu wa mkono wake. Alimsikia Maman Adèle akianza tena jina la mume wake na kushindwa kulimaliza. Lydie akasema moyoni, basi na ivunjike, nitajenga nyingine, mikono ninayo. Hakuwa mtu wa kujihurumia. Aliunyoosha mkono kuukamata mhimili.

Akiwa karibu hivyo, harufu ya sombe ilimpanda puani. Akausikiliza mwendo wa michi kwa mara ya kwanza kama mtu anayesikiliza kitu cha mwenzake. Haukuwa mwendo wa alasiri zake za kufundisha, ule wa kujipumzisha katikati. Ulikuwa mwendo wa kubana meno, pigo juu ya pigo, bila nafasi ya kupumua. Aliutambua. Alitwanga hivyo siku moja tu maishani mwake, siku ile watu waliposimama mbele yake na habari ya Ngomo na kungoja auangushe mchi.

Vinu havikuwa vimesahau somo. Vilifundishwa vizuri mno, na mwili ule ule ulioibeba siku ile. Mwenyewe, kifo kilipoingia uani, alitwanga. Navyo vilimfanana.

Mkono wake ulirudi wenyewe. Alikaa, na safari hii hakuchagua namna ya kukaa. "Modeste," akasema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mume wake aje kula. Hakuwa amelitamka jina hilo uani pale tangu azikwe. Akalisema tena. Kisha kitu kilichokuwa kimefungwa ndani yake tangu siku ile kikafunguka, akalia. Alilia vibaya, kwa makamasi na kikohozi, bila mpangilio wowote. Alimlilia mtu aliyekuwa akipiga honi chini ya kilima ili mke wake ajue kwamba amefika, mtu aliyependa sombe yenye pilipili nyingi na kulaumu pilipili. Aliificha sura kwenye viganja vyake akalia mpaka mabega yakachoka.

Mchi wa kwanza ulichelewa. Ule wa pili ukausubiri. Halafu yote mitano ikashuka polepole, ikatua kwenye majani, ikabaki hapo. Ng'ambo ya miyenzi wale kinamama waliushika wimbo wao, na wimbo haukukatika tena. Fabiola alikaa chini kando ya Lydie, akaacha kufikiria maji.

Walimzika Muzee Zagabe Jumamosi. Jioni ile ile Maman Adèle, kama ilivyo haki ya nyumba yenye msiba, aligonga kinu chake mara moja kuwaruhusu wengine, na kilima kikarudia kelele zake. Vinu vya Lydie navyo vikaanza, vyenyewe, bila kuambiwa.

Jumapili baada ya misa watu walijaa uani mpaka wengine wakachungulia kupitia miyenzi. Firmin alikuja na nguo nyeusi, macho mekundu. Alisimama kati ya vinu na watu. Neno lake lingetosha kumwangusha Lydie, na hakuna ambaye angeweza kulipinga.

"Mbele ya kusema neno yangu," akasema, "nitauliza Maman Lydie kitu moya. Siku ile, ulikuwa unamulilia papa yangu?"

Nusu ya avenyu ilikuwa imekwisha kuamini hivyo, na ilikuwa ikisimuliwa kwa uzuri. Lydie alijua jibu ambalo lingempendeza Firmin. Alijua pia kwamba yuko mbele ya zana yake, ambayo haidanganyiki.

"Hapana, Papa Firmin," akasema. "Papa yako nilimuheshimu. Lakini nilikuwa namulilia Modeste."

Fabiola alifumba macho. Firmin aliangalia chini.

"Kilio haiulizake maiti ni ya nani," akasema mwishowe, kisha akawageukia watu. "Mi nilikuwa nakaa pale mulangoni. Vinu ilikuwa inapiga, nikasema mu roho, acha ipige, atajiangusha yee mwenyewe. Nilikuwa naangalia mikono yake ili niseme: njo hii, ameigusa. Mikono yake ilikuwa ku uso. Vinu imenyamaza yenyewe. Ni zana ya saba, na ni mi nasema."

Alipomaliza, Lydie aliisikia nguvu ikimpanda kutoka kwenye nyayo, ya baridi na tulivu, nguvu ya maji. Hakungoja sherehe. Alikwenda ukingoni mwa kijito, ambacho kilikuwa kimejikunja kuelekea kwenye mitambo ya ndizi, akakiita kwa sauti ile ya kufika dawati la nyuma. Kijito kikasita kidogo kati ya mabwana wawili. Kisha kikashuka avenyu ya chini, na wanawake wakakimbia kutafuta mabido. Tangu hapo asubuhi ni ya watu wa chini na alasiri ni ya ndizi. Firmin hunung'unika kwamba alasiri ni fupi, Lydie humjibu kwamba jua analolaumu si lake, na wote wawili huonekana kuufurahia ugomvi huo.

Siku hizi sombe ya avenyu nzima hutwangwa kwa Maman Lydie, na watu wamezoea kuishi na lile pigo kiasi kwamba hawalisikii, wanasikia linapokoma. Likikoma hutoka milangoni kuuliza ni nyumba ya nani. Lakini mara nyingine, alasiri ya kawaida tu, michi hutua na hakuna mgonjwa wala maiti popote kilimani. Mara ya kwanza watu waliogopa. Sasa wanajua. Mabeseni ya majani yanangoja, hakuna anayelalamika, na yeyote aliye karibu, mara nyingine Fabiola na mara nyingine Firmin mwenyewe, anachukua kiti na kwenda kukaa na Maman Lydie.